Urani ya Bahi na moshi wa makaa

SWALI: Shikamoo Bibi. Wapima urani, madini ya kuendeshea mitambo ya nyuklia, walipita kwenye majaruba yetu ya mpunga hapa Bahi. Kijana wangu anasema umeme wa nyuklia una usalama kuliko wa makaa ya mawe. Na ule mtambo wa nyuklia uliolipuka Chernobyl, Ukraine, je?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kijana hajakosea. Chernobyl, 1986, yalikuwa maafa kweli. Mtambo ule haukuwa hata na jengo zito la kuzuia mionzi. Lakini kwa kiasi kilekile cha umeme, moshi wa makaa huua wengi zaidi, tena bila kutangazwa redioni. Hata umeme wa maji una maafa yake: bwawa la Banqiao, China, lilipopasuka 1975, lilimaliza maelfu ya watu.

Kwenu Bahi shaka ni vumbi na maji ya machimbo. Mkutano wa kijiji ukiitwa, simama uulize: masika tope la machimbo litazuiwa na nini lisiingie majarubani?