Rafiki yangu aliniita mkabila mbele ya wanakikoba

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, Mnyakyusa wa Tukuyu, nauza viazi hapa Uyole. Nina rafiki tuliyelala naye bweni moja tangu kidato cha pili. Yeye ni Mbena wa Njombe. Siku ya kikoba tulibishana kuhusu mtu anayetaka udiwani. Nilisema simtaki kwa sababu alipokuwa mtunza fedha wa umoja wetu wa wauzaji hakutusomea mapato na matumizi hata siku moja. Rafiki yangu akamtetea. Nikamwambia, nyie watu wa Njombe mnabebana tu. Akasimama, akasema mbele ya wote: "Sema humtaki kwa sababu ni Mkinga. Wewe ni mkabila." Nililia njia nzima. Huu ni mwezi wa pili hatusalimiani. Mume wangu ni Msafwa, mjomba wangu kaoa Uheheni. Mimi mkabila kwa lipi? Nijitoe kikoba?*
*Mama Viazi, Uyole*

Marahaba, mwanangu. Usijitoe. Hisa zako ziko pale, na ukiondoka sasa watakaobaki watasema neno lile lilikuwa kweli ndiyo maana umekimbia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako kabisa. Mtu aliyeshika fedha za watu bila kuwasomea hesabu, hata angekuwa ndugu yangu wa tumbo moja, ningemuuliza hilo kabla sijampa kura. Swali lako lilikuwa na majibu mawili tu: alisoma au hakusoma, na kama alisoma, daftari liko wapi. Rafiki yako hakujibu lolote. Alilizika swali kwa neno moja, na neno lenyewe kwetu si jepesi.

Sisi tumelelewa kuliogopa. Mwaka 1995 Mwalimu Nyerere aliifananisha dhambi ya ubaguzi na kula nyama ya mtu, kwamba aliyeionja haachi. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, inaeleza kubagua ni nini: watu kutendewa tofauti kwa ajili ya kabila lao, mahali walipotoka, dini yao, hata maoni yao ya kisiasa, mpaka wengine wahesabiwe duni na kuwekewa vikwazo. Yaani yuko anayenyimwa kitu. Mama akinyimwa meza sokoni kwa sababu ya jina la ukoo wake, huo ndio ukabila, na siku hiyo nataka neno likitamkwa soko zima lishtuke. Tukilitupa kila tunapoishiwa majibu kwenye ubishi wa udiwani, yule mama atalia nalo na watu watadhani ni kelele za uchaguzi. Hilo ndilo linaloniuma katika kisa chako kuliko hata machozi yako, unisamehe.

Mara ya pili niliposoma, nilikwama kwenye sentensi uliyoipita haraka: "Nyie watu wa Njombe mnabebana tu."

Hapo uliacha kumzungumzia mtunza fedha. Rafiki yako ni Mbena, mgombea ni Mkinga. Makabila mawili yenye lugha mbili, wewe ukawafunga kwenye gunia moja kwa kuwa mkoa ni mmoja. Yeye alikuja na hoja yake, nzuri au mbaya, ukamwambia si hoja, ni kwao ndiko kunakomsemesha. Mimi siuiti huo ukabila. Hakuna ulichomnyima. Lakini ni maneno ya kuumiza, tena kwa mtu mliyegawana naye sabuni bwenini. Wala usiseme ulikuwa utani. Utani wetu naujua. Wahehe tunawatania kutwa nzima nao wanaturudishia, kila mtu anacheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

Nakwambia haya kwa sababu niliwahi kutenda alilotenda rafiki yako. Wakati wa uchaguzi wa mwaka 2015 nilibishana na jirani yangu jikoni kwangu. Akanibana kwa hoja mpaka nikakosa la kusema. Nikamwambia, wewe ni mdini. Alinyamaza, akamaliza chai yake, akaaga vizuri. Kesho yake nilikuta sufuria yangu aliyokuwa ameazima iko mlangoni, imesuguliwa mpaka chini, imefunikwa kwa kitambaa. Hakubisha hodi. Miaka mingi tulikuwa tunaazimana vyombo, na sikuwahi kumwona akirudisha kitu bila kuingia. Ilinichukua karibu mwaka kwenda kumwomba radhi, na muda wote huo nilijua kabisa kwamba nilisema vile kwa kuwa nilikuwa nimeshindwa.

Basi nenda. Usitume ujumbe wa sauti, atauchezea wengine. Usiende na shahidi, wala usisubiri siku ya kikoba. Nenda jioni akishafunga biashara. Anza na sentensi yako wewe: mwambie ulikosea kuwasema watu wa Njombe wote, na usiongeze "lakini". Acha anywe maji, acha anyamaze akitaka. Habari za mume Msafwa na mjomba wa Uheheni ziache nyumbani. Hakukuuliza umeolewa na nani.

Akishalipokea hilo, muulize kwa upole: "Ni lipi jingine nililosema au nililofanya ukaona nina ukabila?" Kama lipo, lisikilize mpaka mwisho, hata likichoma. Huenda ameona jambo usiloliona. Kama halipo, una haki ya kumwomba alifute neno lake mbele ya wale wale waliolisikia, kama wewe utakavyofuta lako. Akikataa, wewe futa lako hata hivyo siku ya kikoba, kwa sauti ya kusikika, kisha ukae kwenye kiti chako.

Swali la hesabu usiliache. Liulize tena mgombea mwenyewe akiwepo, na ukiweza mwombe rafiki yako mliulize pamoja; kama ana uhakika naye, hatakataa.

Uyole kuna baridi sasa hivi. Chukua kisado cha viazi vizuri, vaa sweta, na ukifika mlangoni mwite kwa lile jina mlilokuwa mnaitana bwenini.