Mfumo wa kutabiri wanafunzi watakaofeli: tununue au tuache?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa taaluma katika sekondari ya kata mkoani Tanga, tuna wanafunzi 612. Kampuni moja imekuja kutuuzia mfumo wa akili mnemba unaotabiri nani atafeli Upimaji wa Kidato cha Pili na nani ataacha shule. Bei ni shilingi milioni 3.8 kwa mwaka, na bodi inaelekea kukubali. Walitupa wiki mbili za majaribio, tukaingiza alama za mihula iliyopita, ukatutolea wanafunzi 143 wenye rangi nyekundu. Kinachonitatiza ni kijana mmoja wa kidato cha pili. Alimaliza kidato cha kwanza akiwa wa saba, sasa ni wa 58, lakini mfumo umempa kijani. Je, tuongeze taarifa gani ili utabiri vizuri zaidi? Vifaa tulivyonavyo ni kompyuta mpakato moja na vishikwambi vya walimu.

JIBU: Mwalimu, huyo kijana umemwona wewe. Mfumo wa milioni 3.8 ulimpita bila kumsalimia. Nakuanzia hapo kwa sababu swali lako naletewa karibu kila mwezi, na kila mara linakuja hivyohivyo: tuongeze taarifa gani? Sijapata bado mwalimu wa kuniuliza, orodha ikishatoka, nani atafanya nini Jumatatu asubuhi.

Kwa nini kapewa kijani, hilo ni jepesi. Mifumo ya namna hii niliyofunguliwa nikaitazama ndani, mingi haina akili yoyote, mnemba wala ya kuzaliwa. Ina wastani na mstari. Aliye chini ya mstari ni mwekundu, aliye juu ni kijani, basi. Kwa kuwa D inaanzia alama 30, mstari huwekwa hapo au jirani yake. Sasa chukua mtoto aliyetoka wastani wa 67 akaanguka hadi 46. Bado yuko juu ya mstari, mfumo unamwona mzima wa afya. Mwenzake ambaye tangu aanze anapata 28, 31, 27, haachi kuja shule na anajikongoja hivyohivyo, yeye anapakwa nyekundu. Wote wawili wanahitaji msaada, ila huyu wa kwanza kuna jambo limempata, na limempata juzijuzi. Katika Excel chukua safu ya muhula huu, toa safu ya muhula uliopita, kisha panga kuanzia aliyeshuka zaidi. Ni kazi ya dakika tano na haina malipo ya mwaka.

Tuje kwa hao 143. Karibu robo ya shule! Nani atakaa na watoto 143? Nilipokuwa mwalimu wa darasa, watoto niliowamudu kwa wakati mmoja, yaani kuzungumza nao, kufika kwao, kurudi kuuliza tena, walikuwa sita, wakizidi sana saba. Orodha inayozidi mikono ya kuishughulikia huishia kubandikwa ukutani ofisini kwa mkuu wa shule, na mgeni akija anaonyeshwa.

Hapa ndipo subira inaponiishia. Watu wanaamini kwamba kujua nani atafeli ndiyo kazi, na kwamba ikishajulikana mambo yatajipanga. Mpiga ramli naye anakwambia una mgonjwa nyumbani. Unamlipa, unaondoka, mgonjwa yuko palepale.

Jimbo la Wisconsin, Marekani, wamefanya jambo hili kwa zaidi ya muongo mmoja, tena kwa fedha na takwimu ambazo sisi hatuna. Mfumo wao ulimpa kila mtoto alama ya uwezekano wake wa kuhitimu. Mwaka 2023 watafiti walipoupima waliona kwamba kupanga watoto unajua kweli: waliotajwa kuwa hatarini wengi wao walikuwa hatarini. Lakini hawakuona ushahidi kwamba kutajwa huko kuliwasaidia kuhitimu. Waliona pia kwamba ukizijua tu hali za shule na mahali ilipo, unawapata walewale karibu sawasawa na ukichambua taarifa za mtoto mmojammoja. Mwaka huohuo uchunguzi wa waandishi wa habari ulionyesha kuwa kengele za uongo ziliwalia zaidi watoto weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Hiyo ndiyo ramli ya daraja la kwanza. Fikiria sasa ya milioni 3.8, iliyolishwa alama za mihula michache.

Linganisha na Botswana. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya Uviko, kundi moja la wazazi lilitumiwa ujumbe mfupi wa simu wenye maswali ya hesabu kila wiki. Kundi lingine lilipata ujumbe huohuo na zaidi ya hapo likapigiwa simu na mtu, dakika kama 20, akiwa na mzazi na mtoto wanafanya swali pamoja. Watoto waliopata simu walipanda hesabu. Kwa wale wa ujumbe peke yake hakukuonekana badiliko la maana. Simu ni ileile, mtandao uleule. Hata ile ya tochi inatosha.

Kwa hiyo swali lako la taarifa nitalijibu kwa ufupi. Huhitaji za kuongeza, unazo tayari ila zimelala kabatini. Robert Balfanz, mtafiti wa elimu wa Marekani, na wenzake walifuatilia watoto wa jiji la Philadelphia kuanzia darasa la sita, na mwaka 2007 wakachapisha walichokiona: mahudhurio chini ya asilimia 80, kufeli Hisabati, kufeli Kiingereza, na tabia mbaya darasani. Mtoto mwenye hata kimoja kati ya hivyo alikuwa na nafasi ndogo ya kuhitimu, na vinne hivyo viliwatambua zaidi ya nusu ya wale ambao baadaye hawakuhitimu. Kati ya vyote mimi ningeanza na mahudhurio, kwa kuwa hayo yanaonekana Februari wakati alama unazisubiri hadi Juni. Kwingi mtoto huhesabiwa mtoro sugu akikosa asilimia 10 ya siku za masomo. Kwa mwaka wetu wa siku 194 hizo ni siku 19, yaani siku mbili tu kwa mwezi. Nani anamwita ofisini mtoto aliyekosa siku mbili kwa mwezi?

Na usiishie kwenye asilimia. Mwaka 2013 nilikuwa na kidato cha pili chenye wanafunzi 54. Binti mmoja mahudhurio yake yalikuwa asilimia 83, hesabu alikuwa anapata F, na kwenye kikao tulishamwandika "mzito". Jioni moja nikahamishia daftari la mahudhurio la Februari na Machi kwenye Excel, mwanafunzi mmoja mstari mmoja, siku moja safu moja, aliyekosa nikampaka nyekundu. Sikuandika hata fomula. Kwenye mstari wake kiraka chekundu kilijirudia kila baada ya vyeupe vinne, kama pindo la kanga. Alhamisi. Nikashuka chini, nikakuta wengine watano wana pindo hilohilo. Alhamisi ilikuwa siku ya gulio. Yeye alikuwa anambebea bibi yake nyanya.

Sasa tazama ratiba yetu: Alhamisi ndiyo ilikuwa na vipindi viwili vya Hisabati mfululizo, na mwalimu wa Hisabati ni mimi. Kila mada mpya nilikuwa naifungua siku ambayo watoto sita wako sokoni, halafu Ijumaa nawaona wazito. Tukahamishia vipindi hivyo Jumanne. Kwa bibi nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza alinipa maji ya kunywa na hakunisikiliza. Mara ya pili tulikubaliana shangazi wa binti ashike magulio mawili kwa mwezi. Mfumo unaopokea jumla ya mwezi usingeiona Alhamisi hata ungelipiwa milioni kumi.

Hayo yote yanasimama pale tu daftari linaposema kweli, na hapa hakuna kompyuta ya kukuokoa. Niliwahi kuingia shule moja siku ya Jumatano nikakuta Alhamisi na Ijumaa zimeshajazwa, wote wamehudhuria! Sikumlaumu sana mwalimu yule. Kwake, aliyeripoti utoro ndiye aliyeonekana kausababisha, na kila takwimu mbaya aliyoipeleka juu ilimrudia kama barua ya kujieleza. Mkifanya hivyo hapo kwenu, acheni habari ya mifumo kabisa. Kishikwambi kilichotoka kwenye Sensa ya 2022 kitasafirisha uongo haraka kuliko karatasi, hicho tu. Mwombe mkuu wa shule atamke mbele ya walimu kwamba hakuna atakayeulizwa kwa nini wanafunzi wake hawakuja, ataulizwa kwa nini hakusema. Halafu mwalimu wa zamu ahesabu vichwa baada ya saa nne, mara moja kwa wiki, siku isiyotangazwa.

Upande wa ufundishaji nina jambo moja. Mkisahihisha majaribio msiingize jumla peke yake, ingizeni swali kwa swali. Nilifanya hivyo kwa darasa la wanafunzi 44, swali la nne lilikuwa kufungua mabano: −3(x − 2). Watoto 31 waliandika −3x − 6. Si kwamba watoto 31 wana matatizo nyumbani kwa siku moja. Mimi ndiye niliyefundisha hasi mara hasi kwa kukimbia. Karatasi ile ilinihusu mimi kuliko wao, na hii ndiyo takwimu ambayo wauzaji hawaiuzi, maana hakuna mkuu wa shule anayenunua mfumo wa kumwambia kipindi hakikufundishika.

Kabla bodi haijasaini, mwulize huyo muuzaji mambo matatu. Mtoto akiwekwa nyekundu kimakosa, nani anamtoa? Taarifa za wanafunzi zinakaa wapi, na mkataba ukiisha zinafutwa na nani? Nionyeshe shule moja ambayo watoto waliowekwa nyekundu walisaidika, na kilichowasaidia ni nini. La tatu ndilo huwafanya waanze kuzungumzia rangi za skrini. La pili lisichukuliwe kirahisi, kwani tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake. Nimeona faili la Excel la shule nzima, lenye safu ya "yatima" na safu ya "anaumwa nini", likitumwa kwenye kundi la WhatsApp la walimu na wajumbe wa bodi. Watoto wale wana majina, na wajumbe wa bodi wana majirani.

Lakini linaloniogopesha kuliko yote ni matumizi ya orodha yenyewe. Mkuu wa shule anayebanwa na wastani akipewa majina ya watakaofeli, mkono unamwasha. Nimeshaona mzazi anaitwa, anaambiwa kwa upole kwamba "mtoto wako atafaa zaidi kule kwenye ufundi", mwezi wa tisa, miezi miwili kabla ya mtihani. Shule ikapanda. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, na nilishukuru, ila mashindano yenyewe hayajafa, yamehamia kwenye mabango ya barabarani. Shule ya kata haiwezi kumhamisha mtu kirahisi hivyo. Inachoweza ni kumkatia tamaa: anahamishiwa dawati la nyuma, haulizwi swali, daftari lake linapigwa tiki bila kusomwa. Mtoto hahitaji kuonyeshwa rangi yake, anaisoma kwa namna mwalimu anavyompita. Na wala si wa kidato cha pili tu. Tangu Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 kuna mabinti wanaorudi shuleni baada ya kujifungua. Mfumo wowote unaohesabu mwaka waliokosa utawapaka nyekundu siku ya kwanza, kabla hawajafungua daftari.

Milioni 3.8 zikiwapo kweli, tengeni vocha ya kila mwalimu wa darasa kupiga simu kumi kwa wiki, nauli ya bodaboda ya kuwafikia wazazi wasio na simu, na kinachobaki kiende kwenye chakula cha mchana. Watoto kadhaa kwenye hao 143, nakuhakikishia, wanakosa shule wiki ile ile ya kudaiwa mchango wa mahindi.

Na huyo kijana wa 58, usimpeleke kwenye mfumo wowote, hata huu wangu wa Excel. Fungua daftari la mahudhurio leo, tafuta siku aliyoanza kukosa au kuchelewa, kisha mpigie mlezi wake. Usianze na alama. Mwulize nani analala nyumbani siku hizi, na nani hayupo.