Kwa mnaoanza kazi za samaki wakavu

Nyie mnaoingia sasa hivi kwenye miradi ya lishe au ya wavuvi wadogo, mtakuta samaki wakavu wanachukuliwa poa sana. Ripoti zinahesabu tani zilizoshushwa mwaloni, yaani pale ufukweni wavuvi wanaposhusha samaki, basi, wakati kuna familia haina friji wala hela ya kununua kilo nzima, inanunua fungu moja la dagaa wakavu na hiyo ndio mboga ya siku mbili tatu. Kwa hiyo ukitaka kuielewa hii kazi usianzie kwa mvuvi, anzia kwa mama anayeuza mafungu halafu rudi nyuma taratibu mpaka kwenye kichanja cha kuanikia samaki.

Kitaalamu sio mambo magumu. Samaki mbichi ni maji kama asilimia 70 hadi 80, ukiyapunguza sana bakteria wanashindwa kuzaliana na protini inabaki imejaa kwenye uzito mdogo. Tena wale wadogo wanaliwa wazima na vichwa na mifupa yao, ndio maana kalsiamu inakuwa nyingi kuliko kwenye mnofu wa samaki mkubwa, na madini ya chuma na zinki yapo pia. Vitamini A jua linaiharibu, hiyo msiwaahidi watu.

Sasa wageni wengi wanateleza hapa: mfadhili analeta vichanja, mchanga unapungua, samaki wanatoka wasafi, picha zinapigwa. Sawa. Lakini samaki msafi anapanda bei, mnunuzi wa mbali analipa keshi, na viwanda vya chakula cha kuku navyo vinagombania dagaa haohao, mwisho unakuta kipato cha kikundi kimepanda ila yule aliyekuwa anawala hawezi tena kuwanunua. Mimi naona hilo liulizwe kabla hata ya kununua mbao, nani atakosa?

Halafu kuna mvua, jamani. Samaki hawakauki, wanaota ukungu, mama anauza kwa hasara na marejesho ya mkopo yako palepale. Wengine wanapulizia dawa ya wadudu kufukuza inzi, hiyo ni sumu kabisa na msiifumbie macho, ila ukija na ukali mtupu bila chumvi, turubai wala tanuri la moshi watakuitikia vizuri tu halafu watapulizia usiku. Kama bajeti inaruhusu, pendekezo la mradi liandikeni baada ya kukaa nao msimu mmoja wa mvua.