Kuhusu madeni uliyoniuliza, mwanangu

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeiona, unauliza mbona hapo ofisini kwenu kila mtu ana mkopo na wanaongea wazi kabisa, wakati nyie tumewalea tukiwaambia deni ni aibu.

Aibu ipo mwanangu, ila wanaibeba wengine. Hao wenzako mkopo wao ni wa benki, unakatwa juu kwa juu kwenye mshahara, hakuna mtu atakayewagongea mlango, kwa hiyo kwao deni ni kiwanja, ni gari, mtu anajisifu nalo. Hata Songesha, ule mkopo wa kwenye simu, mtu salio la M-Pesa likipungua anamalizia nayo kununua luku wala hahesabu kama amekopa.

Sasa njoo huku mtaani uone kausha damu, hii mikopo ya riba kubwa inayomnyonya mtu. Jirani yetu mwenye genge alichukua mkopo wa kikundi sababu ya ada, siku ya rejesho afisa mikopo anafika na pikipiki, wanawake wanakaa chini na hamna kuondoka mpaka pengo lijazwe, yeye akikosa wenzake ndo wanamchangia huku wanamtukana, mwisho wakaja kubeba TV na godoro watoto wanaangalia. Akaona bora akope kwenye simu azibe, kaomba laki kapewa elfu sabini, baada ya wiki anadaiwa laki nzima, kuchelewa kidogo tu meseji zikatumwa kwa kila namba iliyomo kwenye simu yake, mpaka kwa mchungaji, kwamba huyu ni mdaiwa sugu. Na watu mtaa mzima wakamsema yeye, eti anapenda mteremko! Hilo ndo linaniuma. Hakuna aliyeuliza huyo anayekata elfu thelathini kabla hata hujashika hela ni nani na nani kamruhusu, wakati Novemba 2024 Benki Kuu yenyewe ilitangaza app 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Waliojificha ni wanaodaiwa, wanaodai wanatembea kifua mbele.

Alafu mwanangu mimi nakujua, huwa huulizi kitu bure. Kama na wewe umeingia humo niambie ni kiasi gani na unadaiwa na nani, usikope kwingine kuziba, baba yako sitamwambia. Jumapili tunavunja kikoba, nipigie kabla sijaipangia ile hela.

Mama yako.