Kampuni ilishafungwa, lakini bima yake bado inadaiwa

Pole sana dada kwa msiba wa mzee. Nimekuelewa hivi: baba alifunga maboila huko England miaka ya 70, kafariki kwa mesotelioma (saratani ya vumbi la asbesto), kampuni haipo tena, na mnaona hakuna wa kumdai. Yupo. Ni kampuni ya bima iliyomkinga mwajiri.

Anza na tarehe. Kwa kawaida mna miaka 3 tangu kifo kufungua madai, na hiyo huyeyuka mkiwa bado kwenye matanga. Kisha waombe HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, orodha ya waajiri wake wote. Ya mjomba wangu ilitaja mmoja ambaye hata shangazi hakuwahi kumsikia! Wakili huyapeleka majina ELTO, wanaosaka bima za zamani. Ikikosekana, kuna mpango wa malipo wa 2014 kwa waliogunduliwa kuanzia 25 Julai 2012. Huo huhesabu miaka 3 tangu ugonjwa kugunduliwa, siyo kifo, kwa hiyo angalia barua ya hospitali leo leo.

Watafuteni na wenzake wa kazini watoe ushahidi kabla hawajatutoka. Sisi alituokoa mzee wa miaka 84 aliyekumbuka vumbi jeupe likitua kwenye chai yao.

Haya ni ya England na Wales. Scotland wana sheria yao.