Maboga ya barazani yanaoza kitako: nifanyeje yafike Desemba?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nina nyumba ya wageni hapa Ipuli, Tabora mjini. Kila mwaka mwezi wa tano nanunua maboga mnadani, nayapanga barazani na pale mapokezi, maana wageni wanapenda kupiga nayo picha na sherehe nyingi zinaangukia mwisho wa mwaka. Mwaka jana nilinunua kumi na nane. Agosti inaisha, tisa yalikuwa yameshaoza, karibu yote kuanzia kitako. Niliona kwenye simu Wazungu wanayaweka nje kwenye ngazi mwezi wa kumi na yanakaa vizuri tu. Walisema yaoshwe kwa Jik kisha yapakwe mafuta ya mgando. Nikayafanyia hivyo yaliyobaki, yakaharibika haraka zaidi. Moja nililichonga macho na mdomo, siku ya tatu likaota ukungu. Kuna dawa gani ya kupulizia? Pia mgeni mmoja kutoka Ujerumani aliniachia mbegu za viboga vidogo vya rangi rangi. Nikivipanda, vinalika?

JIBU: Marahaba mama. Dawa ya kupulizia sina ya kukutajia, na hata ningekuwa nayo nisingekushauri kuitumia kwenye kitu ambacho mwisho wake ni sufuriani. Ila umenisaidia sana uliposema “kitako”. Boga likianza kuoza juu, kwenye kikonyo, namuuliza aliyelivuna. Likianza kuoza chini, namuuliza anayepiga deki.

Nyumba ya wageni inadekiwa kila asubuhi, tena pengine mara mbili. Tambara linapita kuzunguka boga, maji yanajipenyeza chini yake na hayana pa kutokea, kwa sababu boga limekalia saruji. Ngozi inalainika pale chini huku juu likiwaka rangi kama lilivyotoka shambani. Utakuja kujua siku unalinyanyua na kitako kinabaki sakafuni. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, suka ngata za majani makavu, zile zile za kubebea ndoo kichwani, na kila boga likalie ngata yake. Hewa ipite chini. Maboga yasigusane, na siku ya deki yanyanyuliwe kwanza. Ngata ikilowa, itupe usuke nyingine. Ukiwa na kichanja cha miti, hicho ni bora zaidi, japo najua barazani hakipendezi.

Sasa hao Wazungu na ngazi zao. Wao huvuna Septemba na Oktoba, baridi inapoanza, majira ambayo kamusi zetu huyaita vuli (mtu wa pwani akisikia vuli anafikiria mvua, lakini tuyaache hayo). Boga lao linapokaa nje mwezi wa kumi lina wiki chache tu tangu likatwe, na nje pana ubaridi. La kwako lilikatwa Aprili au Mei. Oktoba ikifika lina miezi mitano, na Oktoba ya Tabora unaijua: mchana joto linapita nyuzi 30, bati linalia, hata mbwa anatafuta kivuli cha mwembe. Boga baada ya kukatwa bado linapumua, linatumia sukari yake na kupoteza maji. Joto likipanda, linapumua haraka na kuzeeka haraka. Hifadhi inayolifaa ni nyuzi 10 hadi 15, pakavu na penye hewa, na hapo aina nyingi hukaa miezi miwili au mitatu, zile za ngozi ngumu hasa hufika hata sita. Kwetu, usiku wa Juni na Julai unashuka karibu na nyuzi 15 hizo, ndiyo maana hadi Julai hukuona shida kubwa.

Usije ukasema basi nitayaweka kwenye friji. Chini ya nyuzi 10 boga linaumia kwa ndani, na ukilitoa linaanza kuota madoa na kuoza. Hata huko kwao, baridi ya kugandisha ikipiga usiku, boga la kwenye ngazi limekwisha.

Ninachokushauri ni kugawa mzigo. Yale ya Mei yapambe hadi Agosti, kisha yapikwe. Ya Oktoba hadi Desemba yaagize mapema kwa mkulima mwenye bustani ya kumwagilia kule mabondeni. Boga huchukua takribani siku 90 hadi 120 tangu kupandwa, kwa hiyo akipanda mwishoni mwa Mei utayapata Septemba yakiwa mapya. Mwambie afunike matunda machanga kwa gazeti au mfuko wa karatasi, kwa sababu inzi wa matunda hutoboa ngozi ikiwa laini na kutaga mayai ndani. Tunda linakua, kidonda kinafunga, na wewe unauziwa boga zuri lenye funza. Ukiona kitone kidogo kilichozama, chenye gundi iliyokauka juu yake, liache hapo hapo mnadani.

Na tukiwa bado mnadani: angalia kikonyo kuliko rangi. Kiwe kikavu, kigumu kama kizibo cha chupa, na kiwe kimekatwa kwa kisu kikabakizwa urefu wa vidole vinne hivi. Wachuuzi wengi hukivunja ili maboga yapangike kwenye gunia, na wapagazi hulibeba boga kwa kukishika. Kikichomoka, pale panabaki tundu bichi, na uozo unapitia humo. Halafu kandamiza ngozi kwa kucha. Ikiingia, boga halijakomaa na halitakaa, hata ulipambe namna gani. Yale yenye shingo, ya rangi ya chai ya maziwa, kwa kawaida hukaa kuliko yale makubwa ya machungwa yenye mifereji.

Ukifika nayo nyumbani usiyapange siku hiyo hiyo. Yaache siku kama kumi mahali pa joto penye kivuli na upepo, nyuzi 27 hadi 29, ambazo ndizo za mchana wetu wa Mei. Mikwaruzo midogo inajifunga na ngozi inakomaa. Juani moja kwa moja usiyaweke, jua linaibabua ngozi. Kuna mwaka nilijiona mjanja, nikayatandaza ya kwangu kwenye bani la jirani, lile banda la kukaushia tumbaku, baada ya tumbaku kutoka. Yalikomaa vizuri, sikatai, lakini tulipoyachemsha watoto waliyasukuma pembeni. Yalinuka tumbaku mpaka kwenye mbegu.

Jik si kosa, kosa ni namna ulivyoitumia. Kipimo ni kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe kumi vya maji, unafuta ngozi kwa kitambaa, kikonyo hukiloweshi, kisha boga linakauka kabisa, hata nusu siku. Kazi yake ni kuua vimelea vilivyo juu ya ngozi, basi. Kilichokwisha kuingia ndani hakifikii. Kamwe usiichanganye na siki, limau wala sabuni ya choo, inatoa hewa ya sumu. Wewe ulipaka mafuta ya mgando juu ya boga ambalo bado lina unyevu, ukaufungia humo humo. Vanishi juu ya boga bichi hufanya yale yale. Mafuta hayo ni ya kupaka kwenye kingo za boga lililochongwa ili zisisinyae.

La kuchonga lenyewe halina maisha. Ukishalifungua umeondoa ulinzi wake wote, na kwa joto letu siku tatu ndizo zake. Ukitaka lifike siku tano, komba nyama yote ya ndani, futa kwa maji yale ya Jik, kausha, paka mafuta kwenye kingo, na usiku lifunge kwenye mfuko uliingize kwenye friji (hili linaruhusiwa, kwa kuwa halitunzwi tena, linasogezwa tu). Chonga asubuhi ya sherehe. Au acha kisu kabisa, chora sura kwa rangi ya maji juu ya boga zima.

Mengine ni madogo. Ndizi mbivu kutoka Kigoma usiziweke karibu na maboga, zinatoa gesi ya etilini inayoyazeesha. Mvua za Novemba zikianza, yaliyo nje yaingie ndani, yakilowa hayachelewi. Kila wiki bonyeza kitako kwa kidole gumba. Kikibonyea kidogo, kata sehemu ile na nyama inayoizunguka, upike siku hiyo hiyo. Na mbuzi wa jirani, hao unawajua wewe.

Kama kweli unataka pambo la mwaka mzima, kwa nini usitumie vibuyu? Mtu wa Unyamwezi kumfundisha kutunza kibuyu ni kama kumwelekeza njia ya kwao. Kiache kikomae na kukauka, kitundike penye upepo miezi kadhaa. Kitaota ukungu kwa nje, usikitupe, ni maji yanayotoka. Ukipangusa kinaendelea kukauka. Mbegu zikicheza ndani ukikitikisa, kiko tayari, na hicho sasa kipake vanishi upendavyo.

Zile mbegu za Mjerumani ni za viboga vya mapambo. Vingi ni vichungu na uchungu ule ni sumu inayotapisha na kuharisha, tena kupika hakuuondoi. Panda ukitaka, uviweke mapokezi, lakini visifike jikoni. Na usihifadhi mbegu kutoka bustani ambamo vimechanua pamoja na maboga au maskwashi ya kula, kwa sababu nyuki watachanganya chavua na kizazi kinachofuata kinaweza kutoka kichungu. Mpishi wako akionja boga lolote akakuta uchungu, ateme na sufuria nzima imwagwe.