Kabla hujanunua SUV ya umeme, niambie italala wapi

Mwezi huu pekee watu watatu wamenitumia picha za magari mapya ya umeme wakitaka niwachagulie. Mmoja kaleta Kia EV3, wa pili Volvo EX30, na shemeji yangu, mwenye watoto watano, ameipenda Kia EV9 kwa vile ina viti saba. Wote nimewajibu kwa swali moja: gari hilo litalala wapi, na hapo litakapolala kuna waya gani?

Nauliza hivyo kwa sababu naendesha krosova ya umeme hapa Mombasa, huu ni mwaka wa pili, na gari lenyewe halijanisumbua hata siku moja. Kilichonisumbua ni soketi.

Wiki ya tatu tangu tulilete nyumbani Bamburi, niliamka saa tisa usiku kwa harufu ya plastiki inayoungua. Chaja ndogo iliyokuja na gari, ile ya kuchomeka kwenye soketi ya kawaida, ilikuwa kazini tangu magharibi. Nikatoka pekupeku hadi barazani. Uso wa soketi ulikuwa umegeuka kahawia na plagi imegandia ndani, haitoki. Nikakimbia kuzima swichi kuu. Asubuhi fundi wa stima aliifungua, akanionyesha waya mwembamba wa taa umepitishwa ukutani, na skrubu moja iliyolegea. Soketi hiyo ilikuwa imehimili birika kwa miaka, kwani birika huchemka dakika tano likazimwa. Gari huvuta ampea 10 usiku kucha bila kupumzika. Mama mkwe alikuwa amelala chumba cha ukuta huohuo, na mpaka leo nikikumbuka hilo mwili unanisisimka.

Kwa hiyo pesa ya kwanza, kabla ya kulipa hata amana ya gari, iende kwa fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati hapa Kenya. Mwombe akuonyeshe leseni yenyewe. Aliye nayo hachukii kuulizwa. Avute laini mpya kutoka kwenye bodi mpaka unapoegesha, yenye breka yake peke yake, na aipime arthi mbele yako. Ukiweza, weka chaja ya ukutani ya ampea 32, inayotoa kilowati 7 hivi.

Watu huogopa hesabu za betri, lakini wewe unazijua tayari, maana kilowati-saa ndiyo yuniti ile unayonunua kwa tokeni. Betri ya kilowati-saa 60 ni yuniti 60. Chaja ndogo ya soketi hutoa yuniti mbili na kitu kwa saa, kwa hiyo kulijaza gari lililokauka kabisa ni zaidi ya mchana na usiku. Ya ukutani hulijaza kwa saa tisa. Lakini nani hukausha betri kila siku? Mimi nazunguka kilomita 40 kwa siku, Bamburi, mjini, na kurudi kupitia shule. Hizo ni yuniti saba. Waya ukiwa mzuri, hata chaja ndogo inamaliza kazi hiyo kabla ya adhana ya alfajiri.

Na faida ipo. Kwa bei ninayolipia stima, karibu shilingi 30 kwa yuniti pamoja na kodi na tozo, kilomita 100 hunigharimu shilingi 500 na kidogo. Gari letu la zamani lilikunywa lita 10 kwa safari hiyohiyo, na bei ya petroli mnaijua wenyewe. Tangu 2023 kuna pia bei maalumu ya stima ya magari, ambayo ilipoanza ilishuka hadi shilingi 8 kwa yuniti kabla ya tozo, saa zile ambazo watu wengi hawatumii stima, ila inataka mita yake mbali na ile ya nyumba. Kwa anayezunguka mjini kidogo kama mimi, mita ya pili naona ni usumbufu. Mwenye teksi aifuatilie kesho.

Kama umepanga ghorofa na unaegesha barabarani, nitasema ukweli hata kama haupendezi: subiri. Zungumza kwanza na mwenye nyumba, mkubaliane kwa maandishi kuhusu laini na mita. Kutegemea chaja za madukani kila siku ni kujitafutia kazi ya pili.

Sasa tuje kwenye mdomo wa chaji, lile tundu la gari linaloingia plagi ya chaja. Iko ya aina kadhaa, na usiolingana na chaja hauchaji. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Wengi wetu tumezoea kuagiza magari yaliyotumika kutoka Japani, na SUV za umeme za huko zimeanza kuvutia kwa bei: Nissan Ariya, Toyota bZ4X. Magari mazuri. Lakini yale yaliyouzwa kwa soko la Japani yana mdomo wa CHAdeMO wa kuchajia haraka, na wa Type 1 kwa chaji ya kawaida. Ya Ulaya yana CCS2, na ule wa kawaida ni Type 2. Ya soko la China yana GB/T. Ariya ileile iliyouzwa Uingereza inakuja na CCS2, na usukani uko kulia vilevile kama sheria yetu inavyotaka. Kwa hiyo, kama chaja utakazotumia ni za CCS2, ukilikuta la Uingereza limezidi kidogo bei, ongeza hicho kidogo. Ukiwa yadi, usimsikilize muuzaji anayesema adapta zipo. Fungua kifuniko, piga picha mdomo, kisha nenda na picha hiyo mpaka kwenye chaja utakayoitumia ukalinganishe.

Safari ndefu ndiyo inayoulizwa zaidi, hasa Nairobi. Kwenye karatasi gari langu linakwenda kilomita zaidi ya 400. Barabara kuu, kwa mwendo wa 100, AC imewashwa, watu wanne na mizigo, mimi hupanga 300 na sijutii. Na Mombasa–Nairobi ni mlima hata kama macho hayauoni. Unaanza usawa wa bahari unaishia karibu mita 1,800. Kupandisha gari la tani mbili kimo hicho peke yake ni karibu yuniti kumi, ukiacha upepo na mwendo. Mara ya kwanza niliondoka Mombasa nimejaza, nikafika Mtito Andei imebaki asilimia 17, na Nairobi bado kilomita zipatazo 235. Tulilala hapo kwenye nyumba ya wageni iliyotukubalia tuchaji usiku, asubuhi tukaendelea taratibu. Kurudi ilikuwa raha. Kuanzia Athi River kushuka, kila mteremko gari linarudisha kitu kwenye betri.

Ndiyo maana sishangilii sana kasi ya chaji inayotangazwa. Hyundai Ioniq 5 ina mfumo wa volti 800 na hutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18, ikipata chaja ya kilowati 350. Hiyo ni kazi ya uhandisi ya kuheshimiwa, na ndani gari ni pana kama sebule. Lakini mimi sijakutana na chaja ya ukubwa huo njia nzima ya kwenda Nairobi. Unalipia mbio ambazo huna uwanja wa kuzikimbilia. Kwa matumizi yetu, gari tulivu kama BYD Atto 3, betri ya yuniti 60 ya chuma na fosfati, linanipendeza zaidi. Betri za aina hiyo hazina shida na kujazwa hadi asilimia 100 mara kwa mara, wakati zile za nikeli ni vizuri kuzijaza hadi asilimia 80 tu siku za kawaida. EX30 ile ndogo ya yuniti 51 nayo ni ya chuma na fosfati. Kinachonikera kwake ni kwamba hata kasi unaisoma kwenye skrini ya katikati. Kwenye barabara ya Malindi, bodaboda wakikatiza kila upande, sitaki macho yangu yaondoke mbele.

Halafu neno SUV lenyewe. Nyingi kati ya hizi mpya ni SUV kwa sura. Atto 3 inavutwa na magurudumu ya mbele tu, na tumbo lake liko kama sentimita 17 na nusu kutoka ardhini. Subaru Forester ya petroli ina 22. Na tumbo hilo ndiyo betri. Njia ya shambani kwetu, ndani ya Kaloleni, ina mawe ambayo Forester inayapita bila kuyajua. Mimi nasimama, namshusha mwanangu mkubwa atangulie kuniongoza, kisha napita kwa upande. Chungulia pia nyuma chini ya zulia: mengi hayana spea, yana kopo la gundi na pampu. Gundi haizibi tairi lililopasuka ubavuni saa mbili usiku pale Manyani. Nilinunua spea yangu mwenyewe, inakaa buti, inakula nafasi ya sanduku moja, na siitoi.

Shemeji bado anaitaka EV9 yake, betri kubwa ya karibu yuniti 100 na uzito wa kama tani mbili na nusu. Jumamosi fundi alikwenda kwake Kisauni, akakuta laini ya nyumba inahimili ampea 32 bila kubadilisha mita. Tulipomaliza bodi tukatoka na futi hadi langoni, tukapima tuta la mtaa wao. Ameandika kimo chake nyuma ya risiti ya fundi, na wiki ijayo anakwenda nayo kulitazama gari.